WATU WENGI SIO SOKO

Ndugu zangu wafanyabiashara, kuna kauli naisikia sana: "Nchi ile ina watu milioni mia, nikipata hata asilimia moja tu nimetoka." Mimi nasema hiyo hesabu ndiyo inaua mitaji. Idadi ya watu sio soko. Soko ni mtu mwenye hela mkononi, unayeweza kumfikia, na duka lililo tayari kupanga mzigo wako.

Tuchukue soda, maana hii kila mtu anaijua.

Mwaka 1988 familia ya Añaños ilianza kutengeneza soda Ayacucho, huko Peru. Vita vya waasi wa Shining Path vilifanya barabara kuwa za hatari, na soda za makampuni makubwa zilifika kwa shida. Wao wakaziba pengo, tena kwa bei ya chini. Kampuni yao ndiyo leo inaitwa AJE. Mwaka 2002 wakaingia Mexico, nchi inayokunywa soda kupita nchi nyingi duniani, na Coca-Cola ndiyo ilikuwa mwenye mji. Wengi wangesema soko limejaa. AJE wakaangalia familia za kipato cha chini, wakaleta Big Cola: chupa kubwa, bei ndogo. Wakapenya.

Ila vita ikahamia dukani. Mwenye duka mmoja wa Mexico City alilalamika kwamba ameambiwa aondoe Big Cola, la sivyo haletewi Coca-Cola. Mwaka 2005 mamlaka ya ushindani ikapiga faini Coca-Cola na wasambazaji wake.

Twende India. Coca-Cola iliondoka 1977, serikali ilipotaka wageni wapunguze hisa zao. Ikarudi 1993, ikakuta wenyeji wana Thums Up yao na wanaipenda. Ikainunua. Miaka kama kumi baadaye ikasukuma chupa ndogo ya mililita 200 kwa rupia 5. Kampuni kubwa vile, na bado iliinama mpaka kwenye sarafu ya mteja!

Kwa hiyo kabla hujavusha mzigo mpaka, jiulize haya:

1. Mteja anashika shilingi ngapi kwa SIKU? Sio kwa mwezi. Pima ujazo wa bidhaa kwa hela hiyo.

2. Friji la dukani ni la nani? Kama kampuni kubwa ndiyo imelitoa, usitegemee chupa yako ikae humo.

3. Nauli inakula kiasi gani? Soda au juisi ni maji, mzigo mzito wa bei ndogo. Ndiyo maana wakubwa hujenga viwanda vya kujazia huko huko.

4. Sheria inasemaje? Kodi, vibali, viwango vya ubora. Ulizia ofisini, sio kwa dereva.

5. Wenyeji wanakunywa nini sasa hivi? Hakuna soko tupu. Hata maji ya tangawizi ya mama wa kona ni mshindani wako.

Najua kuna atakayesema, "Hao ni wakubwa, mimi nauza juisi ya ukwaju, yananihusu nini?" Yanakuhusu kuliko wao. Mkubwa akikosea nchi moja anabaki na nyingine. Wewe ukikosea, ada ya mtoto imekwenda.

Ushauri wangu: peleka katoni chache, kaa wiki moja, gawa kwenye maduka matano. Usifurahie oda ya kwanza, hiyo mtu anaweza kununua kwa kukuonea aibu. Subiri oda ya pili. Hiyo ndiyo inasema ukweli.

Wewe unataka kuvuka mpaka gani, na bidhaa gani? Andika hapo chini tusaidiane.