Sheria ya wenzetu wenye ulemavu isibaki Kinshasa

Kijana mwenzetu, fanya hesabu hii. Katiba ya inchi yetu ilitangazwa tarehe 18/2/2006. Kifungu cha 49 kinasema wazi: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yake, na serikali ina wajibu wa kumuingiza katika taasisi za taifa, za jimbo na za mtaa. Kifungu hicho hicho kikaagiza sheria ya kuonyesha namna ya kufanya. Raisi alitia sahihi ile sheria tarehe 3/5/2022.

Miaka 16! Mtoto aliyezaliwa na ulemavu mwaka wa katiba alikuwa karibu kumaliza sekondari, kama kweli alipata shule ya kumupokea.

Wakubwa wanasema sheria ya aina hii ni ngumu. Inahitaji wingi wa wajumbe wote wa kila nyumba, Bunge na Seneti, halafu Korti ya Katiba iipime mbele Raisi atie sahihi. Ni kweli. Lakini katika miaka ile ile sheria ya uchaguzi ilirekebishwa 2011, ikarudi 2015, ikarudi tena 2017. Juu ya viti vyao, wakati ulipatikana. Tena mwaka 2015 Congo ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na bado tukangoja miaka saba. Kilichokosekana si wakati. Ni nia.

Kwa hiyo mtu asituambie sheria hii ni zawadi. Ni jasho la wenzetu wenye ulemavu na mashirika yao, waliogonga mlango mpaka ukafunguliwa.

Sasa je? Sahihi peke yake haijengi kitu. Tarehe 13/6/2022, hata miezi miwili haijaisha, Bunagana ilianguka mikononi mwa M23. Watu wakakimbia kwa miguu. Asiye na miguu akimbie na nini? Asiyesikia bunduki, nani alimupigia alama? Kulindwa kule katiba inataja, njo hapo kunaanzia.

Na huruma hatuiombi. Hapa Goma, kwenye Petite Barrière, wenzetu wanavusha mizigo kila siku kwa kinga za matairi tatu. Wanafanya kazi, wanalisha familia. Anayewaona kama waombaji, macho yake njo yako na ulemavu.

Tunataka mambo matatu:

1. Kila budjeti, ya taifa na ya jimbo, ionyeshe makuta ya kutumikisha sheria hii, na iwekwe wazi kwa wananchi.
2. Shule, hospitali, ofisi za komini na vituo vya kupigia kura viwe na njia ya mtu wa kinga, asiyeona na asiyesikia.
3. Mpango wowote wa kusaidia wakimbizi uwahesabu wenye ulemavu, na wao wenyewe wakae kwenye meza ya kuamua.

Na wewe usingoje. Kesho pita kwenye ofisi ya komini yako, hesabu ngazi za mlangoni. Muulize bourgmestre: mwenzangu wa kinga anaingilia wapi? Kama hana jibu, rudi juma lijalo, lakini usirudi peke yako.

Sheria iko. Tutaisukuma mpaka itembee.