Adui si Kompyuta Kuukuu

Kila shule inapojaliwa fedha kidogo za maabara ya kompyuta, mjadala huwa ule ule katika ofisi ya mwalimu mkuu: tununue chache za bei ghali, au nyingi za bei rahisi? Mimi naona swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Bei haithibitishi ukweli wa kifaa. Linalotupasa kuuliza ni hili: je, kifaa hiki ndicho kinachodaiwa kuwa?

Udanganyifu huu haukuanza jana. Katika miaka ya 1990 walikuwako matapeli waliokwangua alama ya kasi juu ya prosesa za Intel, kisha wakachapa kasi kubwa kuliko iliyo halisi. Prosesa iliyolazimishwa kukimbia kupita uwezo wake ilipata joto, na kompyuta ikazimika ghafla. Zama hizo hizo ziliuzwa madabodi ambazo baadhi ya chipu zake zilikuwa plastiki tupu. Na mapema mwaka wa 2025 ilifichuka huko Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, hesabu ya saa hizo ikiwa imefutwa. Ikiwa Wajerumani huuziwa mbuzi kwenye gunia, sisi tunaonunua katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi tuna kinga gani?

Kifaa kinachonitia hofu zaidi ni kidogo kuliko kidole, nacho ni flashi. Ndani ya flashi ghushi mna chipu ya, tuseme, gigabaiti 8, lakini programu inayoiongoza imechezewa ili iiambie kompyuta kwamba ni ya gigabaiti 128. Mwanafunzi huhifadhi kazi yake, akaona majina ya faili yamepangika vizuri, akaenda zake. Nafasi halisi ikishajaa, kinachoandikwa baadaye ama hufuta cha awali ama hupotea kabisa. Majina hubaki, kazi haipo. Hebu mfikirie mtahiniwa wa somo la Kompyuta katika KCSE, ambaye mradi wake ni sehemu ya mtihani. Nimewahi kumwona mmoja aliyepoteza mradi namna hiyo. Flashi ile alinunuliwa kwa nia njema na mzazi asiye na kingi.

Isitoshe, kuna ile sehemu inayogawa umeme ndani ya kompyuta, ambayo mafundi huiita pawa. Zilizo hafifu hubandikwa karatasi inayojigamba wati 500, ilhali ndani hazina vipuri vya kukinga umeme unaporejea kwa kishindo baada ya kukatika, jambo ambalo sisi Wakenya hatuhitaji kusimuliwa. Pawa ikiungua huweza kwenda na madabodi pamoja na diski.

Wapo watakaosema kwamba cha rahisi ni ghali, na kwa hivyo shule zisinunue mitumba kamwe. Sikubaliani nao. Kompyuta iliyotumika ofisini kwa miaka 5, ikauzwa kwa jina lake halisi na umri wake ukatajwa, ni mali halali, na aghalabu huwa imara kuliko ile iitwayo mpya kwa bei ya kutupa. Kuihukumu mitumba yote kuwa ghushi ni kuwaonea wafanyabiashara waaminifu, na pia kuwanyima maabara watoto wa maskini.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, shule isilipe kabla fundi wake hajafungua kila kasha, akalinganisha vilivyomo ndani na yale yanayodaiwa kwenye kibandiko. Pili, kila flashi mpya ijazwe pomoni kisha isomwe tena kabla ya kuaminiwa kazi ya mtu. Programu za H2testw na F3 hufanya ukaguzi huo bila malipo. Tatu, risiti itaje nambari ya kila kifaa, na iseme wazi kama ni kipya au kimetumika. Muuzaji anayekataa kuandika hivyo amekwisha kutujibu.

Risiti hiyo ndiyo ushahidi. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 inamruhusu hakimu kumfunga mkosaji wa mara ya kwanza hadi miaka 5, au kumtoza faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa husika. Hata hivyo, sheria haiwezi kumfuata mtu asiyetajwa popote.

Nanyi walimu wenzangu, fanyeni ukaguzi huo mbele ya wanafunzi, tena wao wenyewe washike bisibisi. Mwanafunzi aliyezoea kupima kifaa kabla ya kukiamini atakuwa amepata elimu itakayomfaa hata siku atakapokwenda dukani peke yake, na fedha za jasho lake mfukoni.