Ngumi hazimo damuni

Mnaosema vurugu za michezoni ni hulka ya watu, sisi wa Tarime na Serengeti tunaijua lugha hiyo. Koo za Wakurya za Wanchari na Warenchoka zilipopigana, ilisemwa Mkurya kazaliwa na panga, ilhali ugomvi ulikuwa wa ardhi na mifugo. Tazameni mpira wa magongo wa kwenye barafu. Katika ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, wanaovua glavu na kuzichapa hukaa nje dakika 5, kisha hurudi kucheza. Kwenye Olimpiki anayepigana hutolewa mchezoni, na wachezaji walewale wa NHL wakienda huko ngumi huadimika. Damu ni ileile, adhabu ndiyo tofauti.

Mtaniambia kwenye NHL mbabe, mchezaji wa kupigana, yupo kumlinda nyota wa timu. Hiyo si kazi ya refa? Derek Boogaard, mchezaji wa NHL aliyelipwa kwa ubabe huo, alifariki 2011 akiwa na miaka 28, na ubongo wake ukakutwa umeharibika. Hapa kwetu, Oktoba 1, 2016, mashabiki waling'oa viti Uwanja wa Taifa kwenye mechi ya Simba na Yanga (goli la mkono, hasira za kweli), na Serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia. TFF, shirikisho letu la soka, isihangaike na hulka ya shabiki. Itangaze adhabu kabla ya msimu, na isimwogope mkubwa.