"Too" Si "Sana"

Juzi kijana wa mtaani kwetu hapa Mombasa aliniletea barua ya kuombea kazi. "Mjomba, hebu niangalizie Kizungu changu," aliniambia. Nikaisoma. Kila pahali alipotaka kusema "sana" alitia neno "too". Sikumcheka, kwani kosa hilo limenipata mimi mwenyewe.

Nilipokuwa karani kijana nilitaka kumshukuru mkubwa wangu kwa mshahara aliokubali kunipa. Nikamwandikia, "The salary is too good". Yule Bwana aliniita, akaniuliza mbele ya wenzangu kama nataka aupunguze! Nilitahayari, na hakuna aliyenieleza nilikosea wapi.

Kosa lenyewe limetokana na lugha yetu. Neno letu "mno" lina kazi mbili. Tukisema "nakupenda mno" tunasifu. Tukisema "chumvi imezidi mno" tunalalama. Kiingereza kimezigawanya kazi hizo. "Very" huonyesha wingi wa jambo tu, bali "too" huonyesha kuwa limepita kiasi, na aghalabu lina lawama ndani yake. Chai iliyo "very hot" utaipuliza uinywe. Iliyo "too hot" hainyweki.

Basi nilimfunza kijana kipimo kimoja. Kabla hujaandika "too", jiulize: limezidi hata lisiwezekane nini? Mzigo ulio "too heavy" haubebeki. Ukikosa jibu, andika "very". Kweli, Mwingereza humwambia mwenziwe "You are too kind" akawa anamshukuru, lakini hapo anatia chumvi kwa makusudi, kana kwamba wema ule umepita haki yake.

Liko na kosa la pili. "Sana" yetu hufuata sifa na hufuata kitendo pia: "mzuri sana", "napenda sana". "Very" hutangulia sifa, wala haikubali kutangulia kitendo. Ndiyo maana "I very like" ni kosa. Husemwa "I like it very much". Wala hakuna "very better". Kuna "much better".

Wako wasemao kuwa watoto wetu wa pwani ni wazito wa Kiingereza kwa sababu ya chuo cha Kurani. Mimi nakataa. Mtoto aliyefunzwa Kiarabu chuoni ameambiwa kuwa "Ghafir" ni mwenye kusamehe, na "Ghafur" ni mwingi wa kusamehe. Huyo amekwisha kuona kuwa Kiarabu huligeuza umbo neno lenyewe ili kuonyesha wingi. Hata "very" asili yake ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kweli, kama sisi tusemavyo "mzuri kweli". Mtoto huyu atashindwaje kufahamu akielezwa?

Rai yangu kwa walimu ni hii: msiishie kupiga mstari mwekundu. Wekeni "sana", "mno" na "kupita kiasi" ubaoni, kisha mkabilishe na Kiingereza. Ni somo la nusu saa. Kijana asiyelipata huenda akanyimwa kazi na mtu asiyemjua, kwa neno moja, wala asiambiwe sababu.

Barua ile tumeisahihisha, na keshaipeleka. Tumuombee Mungu amjaalie.