Kwa Mama Anayejiandaa kwa Mtihani wa Kupima Mifupa

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na mama mwenzetu aliyeko Marekani, afanyaye kazi katika chumba cha eksirei, ambaye amekusudia kufanya mtihani wa cheti cha kupima uimara wa mifupa. Miongoni mwa wanaotoa cheti cha namna hii ni ISCD, chama cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1993. Nawe usiye mpimaji, usifunge ukurasa. Anayelazwa juu ya meza ile mara nyingi ni mama kama wewe, hasa baada ya kukoma hedhi, wakati mifupa inapopoteza madini kwa haraka.

Mama mwenzetu, tunajua unasoma usiku watoto wakishalala, na macho yamechoka. Basi usipoteze nguvu kwa kukariri tu. Kila unaposoma jambo, jiulize: nikikosea hapa, ni nani atakayeumia?

Chukua mfano wa nyonga. Vitabu vinasema mguu uzungushwe kuelekea ndani kwa nyuzi 15 hadi 25. Sababu yake ni kwamba shingo ya mfupa wa paja inatakiwa ilale sambamba na meza. Usipouzungusha vya kutosha, shingo hiyo huonekana fupi kwenye picha, na kipimo chaweza kuonyesha mfupa imara kuliko ulivyo. Mama yule atarudi nyumbani akiambiwa ni mzima, kumbe yumo hatarini kuvunjika. Ukilielewa hilo, hutazisahau nyuzi zile.

Halafu kuna alama mbili zinazowachanganya wengi. Alama T humlinganisha anayepimwa na kijana mwenye afya. Kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1994, mama aliyekoma hedhi akipata -2.5 au chini yake, huhesabiwa kuwa na osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu. Alama Z humlinganisha mtu na wenye umri wake. Mama wa miaka 35 anayeendelea kupata hedhi hutazamwa kwa alama Z. Ukitumia T kwake, waweza kumtia hofu bure.

Jifunze pia kuipima kazi yako mwenyewe. Mpimaji hupima watu 30 mara mbili mbili, au 15 mara tatu tatu, na kila mara mtu hushuka mezani na kulazwa upya. Kwa njia hiyo hujulikana ni tofauti gani inatokana na mkono wa mpimaji, na ipi ni mabadiliko ya kweli ya mfupa. Bila hesabu hiyo, daktari anaweza kubadilisha dawa iliyokuwa ikifanya kazi vizuri.

Kuhusu nyumbani, zungumza na baba watoto mapema. Mwonyeshe tarehe ya mtihani, kisha mpatane ni siku zipi atapika yeye na kuwaogesha watoto. Saa moja ya alfajiri iliyo tulivu ina faida kuliko saa tatu za usiku za kusinzia. Mtoto mkubwa naye mpe picha ya uti wa mgongo, akuulize majina ya pingili. Mtacheka, nawe utakuwa umejifunza.

Nawe mama utakayekwenda kupimwa, usimeze vidonge vya kalsiamu katika saa 24 kabla ya kipimo. Mweleze mpimaji kama una mimba, kama umewahi kuvunjika, au kama siku za karibuni ulinyweshwa dawa ya kupigia picha ya tumbo. Usione haya kumwambia. Maswali hayo ndiyo aliyokesha akijifunza kuyauliza kwa ajili yako.