Majini wa Kijuju katika vibanda vya Kyela

Katika michezo ya video ya kutisha inayojulikana duniani, uko mmoja ambao adui zake huzungumza Kiswahili. Jina lake ni Resident Evil 5. Umetengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani, na ulitolewa mwezi wa Machi 2009. Kwa wakazi wa miji mikubwa huo ni mchezo wa kale. Kwetu huku Kyela, ambako mashine za michezo hufika zikiwa zimekwisha kuchoka mikononi mwa watu wengine, ungali mgeni, na katika vibanda vya gemu umepata wafuasi kwa sababu nyepesi: huchezwa na watu wawili kwa pamoja, kioo kikigawanywa nusu kwa nusu, na hivyo mwenye kibanda hulipwa na wawili kwa muda ule ule.

Mama mmoja, msomaji wa safu hii wa upande wa Ipinda, ametuandikia kuhusu mwanawe wa miaka 11. Tangu aanze kwenda kibandani, mtoto huyo hathubutu kutoka peke yake usiku kwenda chooni, jambo ambalo mama aliliona dogo. Lililomshitua ni jingine. Jirani yao ni bibi mzee anayekausha samaki kwa moshi, na macho yake yamekuwa mekundu kwa kazi hiyo ya miaka mingi. Jioni moja mtoto na wenzake walimpita mbio huku wakipiga kelele kwamba bibi ni jini, na mmoja wao akarusha jiwe. Halikumpata, alhamdulillah. Mama anauliza mambo mawili: mchezo huu una nini ndani yake, na je, ampeleke mtoto kwa mtu wa kumpunga?

Kwa kuwa hatupendi kukihukumu kitu tusichokiona, tumeutazama mchezo wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, tukisaidiwa na vijana wanaoufahamu. Tunakiri kwamba vijana hao walituonea huruma.

Mfululizo huu ulianza mwaka 1996. Mchezo wa kwanza, ulioongozwa na Shinji Mikami, humfungia mchezaji katika jumba kubwa lililojitenga msituni. Risasi ni chache, milango hufunguka polepole, na hata kuhifadhi mahali ulipofikia kunahitaji utepe wa wino wa taipureta, ambao nao ni wa kuhesabu. Mchezaji hulazimika kupima: apite au arudi, apigane au akimbie? Hofu yake hutokana na giza na upungufu. Na nyuma ya wale maiti wanaotembea ipo kampuni ya dawa, iliyotengeneza maradhi kwa tamaa ya mali. Si mchezo wa watoto, lakini mtu mzima aweza kuumaliza akabaki na swali la maana juu ya elimu isiyo na uchamungu.

Toleo la 5 limekwenda njia nyingine. Jua ni kali, bunduki ni tele, mwenza yu kando daima. Pale ambapo mchezo wa kwanza humfanya mtu azuie pumzi, huu humfanya abonyeze tu kwa kidole. Wapenzi wa michezo hii walilalamika, na toleo la 6 la mwaka 2012 lilipozidisha milipuko wakalalamika zaidi, hata mwaka 2017 Capcom wenyewe wakarejea, katika toleo la 7, kwenye nyumba ya giza na risasi za kuhesabu. Hatutakaa sana hapo. Mchezo wa kutisha usiotisha vya kutosha si msiba wa Waislamu.

Tuliloona sisi ni kubwa zaidi, nalo linaanzia kwenye jina. Adui katika mchezo huu wanaitwa Majini, na mchezo wenyewe unaeleza kuwa hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya pepo wabaya. Lakini ukiitazama hadithi, hao si pepo. Ni wanakijiji walioingizwa kimelea mwilini, mmoja wao akishikwa kwa nguvu na kulishwa kwa kinywa mbele ya macho ya mchezaji. Ni watu wagonjwa, waliofanywa wagonjwa kwa makusudi.

Sasa tuwaulize wenye lugha. Kwa mvuvi wa Matema au Ngonga, majini kwanza ni ndani ya maji: mama humkanya mtoto asiende majini peke yake, kwa kuwa Ziwa Nyasa hubadilika ghafla na mito inayoliingia ina mamba. Kwa aliyekaa madrasa, majini ni wingi wa jini, viumbe walioumbwa kwa moto na kupewa wajibu wa kumwabudu Mola wao kama tulivyopewa sisi. Sura ya 72 ya Qur'ani, yenye aya 28, inaitwa kwa jina lao. Humo tunaelezwa habari za kundi la majini waliosikiliza Qur'ani wakaiamini, na kwamba miongoni mwao wamo walio wema na wamo wasiokuwa hivyo. Mtoto aliyeisoma sura hiyo kwa ustadhi wake anajua jambo ambalo watunzi wa mchezo hawakulijua: jini aweza kuwa Muislamu mwenzake, wala jina hilo halipewi jirani kwa sababu tu ana macho mekundu.

Kisha kuna Kijuju, mahali ambapo mambo haya yote yanatokea. Ni mahali pa kubuni, na hadithi inapaweka Afrika Magharibi, ambako Kiswahili si lugha ya watu. Mkazi wa Kyela husema Kinyakyusa nyumbani na Kiswahili sokoni, na akivuka Songwe pale Kasumulu huwakuta Wangonde wa Malawi wanaosikilizana naye bila mkalimani. Anajua kwamba lugha ina kwao na ina wenyewe. Kwa jinsi tulivyoona, watengenezaji walitaka sauti ya Kiafrika, yoyote ile, nayo ya kwetu ikawa karibu na mkono. Matokeo yake ni kwamba mtoto wetu, aliyezoea kusikia Kiingereza katika mashine ile, siku anapoisikia lugha ya shule yake na ya khutba ya Ijumaa, anaisikia vinywani mwa watu wenye mapanga ambao kazi yake ni kuwapiga risasi.

Picha za mchezo zilipooneshwa mwaka 2007, baadhi ya watu walilalamika, na miongoni mwa waliousema waziwazi alikuwamo N'Gai Croal, mwandishi wa Marekani aliyekuwa na jarida la Newsweek. Hoja yao ilikuwa ya rangi: shujaa mzungu, Chris Redfield, akiangusha umati wa Waafrika wasio na majina. Katika mchezo uliotoka yumo pia mwenza Mwafrika, Sheva Alomar, na ni haki kulitaja hilo. Ni haki pia kusema kwamba mwenye kosa ndani ya hadithi si mwanakijiji. Kosa ni la watu wenye mali na maabara, waliokuja kwa hila. Kuna ukurasa mmoja, shajara ya kijana wa kijijini, unaoeleza jinsi wageni walivyokuja na sindano wakisema ni kinga, na jinsi watu aliowapenda walivyobadilika mmoja baada ya mmoja. Hapo ndipo tulipoogopa kweli. Lakini ukurasa huo umeandikwa kwa Kiingereza, na watoto wa kibandani huupita kwa kubonyeza mara moja ili warudi kwenye bunduki.

Jambo moja limetukaa moyoni. Karibu na mwisho, Chris anamkuta mwenzake wa zamani, Jill Valentine, akitumikishwa na maadui kwa kifaa kilichofungwa kifuani pake. Hapo mchezo hubadili sheria zake. Mchezaji anaelezwa kwamba huyu asiuawe. Ashikwe, atulizwe, na kile kifaa king'olewe, mpaka arudi katika akili yake. Watasema waliolijua hilo kwamba dawa aliyopewa yeye ni tofauti na kimelea cha wanakijiji. Ndivyo hadithi inavyosema. Hata hivyo hadithi hutungwa na mtu, na mtu huyo, katika saa zote zile, hakuona haja ya kumpa mchezaji mwanakijiji mmoja wa kumponya. Mtoto wa miaka 11 hawezi kulisema hilo kwa maneno, ila mikono yake imejifunza: yule ana thamani ya kusubiriwa, hawa hawana.

Ndiyo maana jiwe lililorushwa kwa bibi wa Ipinda haliwi mzaha kwetu. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimewahi kuwahesabu kwa mamia. Mwaka ule ule wa 2009 mchezo huu ulipotolewa, taifa lilikuwa katika majonzi ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na serikali ilifikia kuzizuia leseni za waganga wa jadi. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928, inamhesabu mwenye kumsingizia mwenzake uchawi kuwa mkosaji, lakini sheria hufika baada ya uvumi. Na uvumi huanza hivi hivi, kwa kelele za watoto njiani, ambazo mtu mzima mmoja huzisikia na kuzibeba.

Tusijidanganye kwamba hofu ya namna hii imeletwa na mashine. Monica Wilson, mtafiti wa Afrika Kusini aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika juu ya imani ya wazee wa hapa kwamba mchawi hubeba chatu tumboni, na kwamba chatu huyo hutamani nyama na maziwa ya wengine. Imani hiyo sisi hatuipokei, na waliotuhumiwa kwayo walipata kufukuzwa katika vijiji vyao. Ila katika masimulizi yale kulikuwa na kitu ambacho Kijuju haina. Mwenye kuchinja aliogopa kula peke yake, akawagawia majirani. Hofu ilimtoa nyumbani na bakuli mkononi.

Sasa tumjibu mama. Mtoto wako hana jini, na usimpeleke kwa mpungaji, ambaye atamthibitishia kile kile alichojifunza kibandani kisha akudai na jogoo. Ana picha kichwani na usingizi uliopungua. Msomee Ayatul Kursi na Sura za Al-Falaq na An-Nas kabla ya kulala, msome pamoja, umweleze maana yake kwa lugha anayoielewa. Mwashie taa siku chache. Baba yake, au kaka yake mkubwa, amsindikize nje bila kumcheka. Na Sura Al-Jinn airudie kwa ustadhi, safari hii pamoja na tafsiri, maana wengi wetu tumeihifadhi bila kujua inasema nini.

Kuhusu bibi, aende kumwomba radhi, nawe ufuatane naye. Mtume (S.A.W.) hakumruhusu Muislamu kumtisha mwenzake hata kwa utani, Abu Dawud amepokea kisa cha sahaba aliyeshituka usingizini baada ya mwenzake kuichukua kamba yake, na Mtume akalikataza jambo hilo. Kama ni hivyo kwa kamba, vipi kwa jiwe na kwa jina ovu? Usimpeleke mtoto mikono mitupu. Vibaba viwili vya mchele vinatosha, kisha akae amwangalie bibi anavyopanga samaki juu ya moto, aone mwenyewe moshi unaingia wapi. Wazazi wa watoto wengine waliokuwapo waambiwe pia, kwa upole, kabla habari haijawafikia kwa sura nyingine.

Hatusemi vibanda vifungwe. Kijana akikaa kibandani jirani na nyumbani tunajua alipo. Tunachowaomba wenye vibanda, ambao baadhi yao ni wasomaji wetu, ni mambo ya kawaida. Mchezo huu umewekewa alama ya miaka 18 huko Ulaya na miaka 17 huko Marekani, hata kama diski yako ilifika bila jalada. Basi uwekwe kando mpaka watoto waondoke. Adhana ya Magharibi ikisikika, watoto wapelekwe makwao, kwa kuwa tumefundishwa kuwaingiza ndani giza linapoingia, na aliyetufundisha alizijua habari za majini kuliko Capcom. Atakayesema kwamba hivyo atapata hasara, tumeuliza: gemu la mpira ndilo linalolipa zaidi, nalo pia huchezwa na wawili, mradi asiyeshinda asidaiwe fedha na aliyeshinda.