Chambo cha Sangara Kinatoka Wapi?

Katika mijadala juu ya uvuvi wa Ziwa Victoria, ndoana husifiwa kuliko chombo kingine chochote. Yasemwa kwamba mvuvi wa ndoana hakokoti wavu juu ya mazalio ya samaki, wala hana tundu dogo la kunasia vitoto, na kwamba samaki wake hufika mwaloni akiwa mzima na mwenye uzito wa kutosha. Sifa hizo zina ukweli mwingi. Hata hivyo hupungua mara mtu anapouliza swali moja dogo: chambo chenyewe kimevuliwa kwa nini?

Uchaguzi wa chambo hufuata fahamu ambazo samaki huzitumia kutafuta chakula chake. Mfano mzuri ni karpi, samaki wa asili ya Ulaya na Asia, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ameenea katika Ziwa Naivasha nchini Kenya. Karpi hula kwa kuchokoa matope ya chini, huku akipapasa kwa masharubu yake manne na kuonja kila anachokigusa. Hana meno kinywani. Meno yake yamo kooni, nayo husaga punje ngumu bila taabu. Kwa samaki wa namna hiyo, mahindi yaliyochemshwa au donge la unga ni chambo cha kutosha, na mvuvi anaweza kukitoa jikoni kwake.

Sangara hana uhusiano wowote na jiko la mvuvi. Huyu ni mwindaji mwenye macho makubwa, na ubavuni ana mstari wa kuhisi mitikisiko ya maji. Akiwa mchanga hula uduvi na wadudu wa majini. Akikua hugeukia furu, dagaa, na hata watoto wa sangara wenzake. Kinachomvuta ni kitu kinachotapatapa. Ndiyo sababu wavuvi wa kamba ndefu hupendelea chambo kilicho hai, na miongoni mwa vyambo vyote kambale mchanga ana sifa ya pekee. Ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo hukaa hai ndani ya ndoo yenye maji machache, na huendelea kujinyonganyonga muda mrefu baada ya kutungwa kwenye ndoana. Furu na dagaa hufa upesi.

Sasa ifikiriwe hesabu yake. Mtumbwi mmoja huweza kutega mamia ya ndoana kwa usiku mmoja, na kila ndoana yataka samaki wake mdogo. Hao wote hutoka wapi? Wengine hunaswa kwa mitego midogo vinamasini na mitoni, na hapo hakuna madhara makubwa. Lakini wengi hupatikana kwa kokoro, wavu ule ule uliopigwa marufuku Tanzania, Kenya na Uganda. Kokoro huburutwa katika maji mafupi ya pwani ya ziwa, mahali sato wanapojenga viota vyao na sangara wachanga wanapokulia. Anayetafuta furu wa chambo huzoa pamoja nao vitoto vya samaki ambao angewavua baadaye wakiwa wakubwa. Zaidi ya hayo, furu wenyewe ni hazina iliyokwisha kuguswa. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina zao. Nyingi zilitoweka baada ya sangara kuletwa katika miaka ya 1950 na 1960 na kuongezeka mno katika miaka ya 1980. Baadhi ya zilizosalia zimeanza kuongezeka tena, na si busara kuzimaliza ndooni.

Kwa hiyo si haki kuipima ndoana kwa ndoana peke yake. Chambo ni sehemu ya chombo cha uvuvi, kama tundu lilivyo sehemu ya wavu, na sheria inayopima tundu huku ikikinyamazia chambo imefanya nusu ya kazi yake.

Njia iliyo bora ni kumzalisha kambale bwawani. Magharibi mwa Kenya wafugaji wa samaki walikwisha kufundishwa kazi hiyo, nao wakawauzia wavuvi wa sangara vifaranga vyao. Elimu yake si ya ajabu. Jike la kambale hubeba mayai kwa maelfu. Hudungwa dawa itokanayo na tezi ya kichwani mwa kambale mwingine, mayai hukamuliwa na kuchanganywa na mbegu ya dume, na katika maji ya uvuguvugu huanguliwa baada ya siku moja hivi. Taabu huanza hapo. Vifaranga huliwa na vyura na ndege, kisha wao kwa wao hulana bila huruma, hata mfugaji asiyewatenga kwa ukubwa huishia na wachache walionenepa. Bwawa lisilofunikwa kwa wavu na lisilo na mtu wa kulitunza ni hasara tupu, na wataalamu wanaohimiza ufugaji huu hawana budi kulisema jambo hilo waziwazi.

Wako watakaosema kwamba mvuvi maskini hawezi kununua chambo wakati ziwa linampa bure. Bure hiyo ni ya shaka. Anayevuta kokoro humwuzia mwenye ndoana, na fedha hutoka vilevile. Tofauti ni kwamba hulipwa mvunja sheria badala ya mfugaji. Kinachokosekana ni uhakika wa kupata kambale wa kutosha kila siku, karibu na mwalo, kwa ukubwa unaofaa. Mfugaji mmoja hawezi kuutoa. Wafugaji kumi wa kijiji kimoja, wakipanga zamu za kuangulisha, wanaweza. Pia wazazi wa vifaranga watoke katika ziwa lenyewe au mito yake, ili mbegu ya mbali isiingizwe kwa mlango wa nyuma.

Wakati huo huo, wakaguzi wanaopima nyavu waangalie na ndoo za chambo. Ukaguzi huo ufanyike jioni, kabla mitumbwi haijaondoka mwaloni, kwani asubuhi ushahidi huwa umekwisha kuliwa.